Mwambao, Jimbo na Chama: Njia Zilizoachwa katika Siasa za Mombasa Bara

Kura za uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Desemba 1992 zilipokwisha kuhesabiwa, ilionekana kwamba KANU imepata viti 17 kati ya viti 20 vya Mkoa wa Pwani. Vitatu ilivyovikosa vilikuwa vya mji mmoja, tena vya upande mmoja wa mji huo. Likoni na Kisauni vilikwenda kwa FORD-Kenya, na Changamwe ikaenda kwa Democratic Party. Kisiwa chenyewe, yaani Mvita, kilibaki mikononi mwa KANU na mwenyekiti wake wa tawi, Shariff Nassir. Ni rahisi kulieleza tukio hili kwa kutaja hasira za mwaka ule peke yake: njaa ya mabadiliko, bei za vyakula, chama cha Kiislamu kilichonyimwa kuandikishwa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Hayaelezi kwa nini bara ya Mombasa ilitengana na kisiwa, wala kwa nini ilitengana na Kilifi na Kwale inazopakana nazo. Ili kulijibu swali hilo hapana budi kurudi nyuma, kwenye mashauri yaliyowahi kutolewa mahali hapa juu ya namna ya kuitawala nchi pasipo chama kimoja kumeza kila kitu, na kuuliza kila shauri lilivunjikia wapi.

Kwanza neno lenyewe, bara. Kwa mkaazi wa Mji wa Kale, bara huanzia pale kivuko kinapotia nanga Likoni, au mtu avukapo Nyali kwenda Kisauni, au apitapo Makupa kuelekea Changamwe. Kwa mkaazi wa Likoni, hata hivyo, bara ni kule kwingine, ng'ambo ya Mazeras na Voi, na "watu wa bara" ni wale waliokuja kwa gari la moshi kutafuta kazi. Hivyo mtu wa Likoni ni mtu wa bara akisemwa na jirani yake wa kisiwani, na ni mtu wa pwani akijisema mwenyewe mbele ya mgeni. Jambo hili si mchezo wa maneno. Kila mfumo wa siasa uliopendekezwa kwa Mombasa tangu mwaka 1955 ulilazimika kuchora mstari kati ya pwani na bara, na kila mara mstari huo ulipita juu ya nyumba za watu hawa.

Zamani mstari haukuwa mkali hivyo. Utawala wa Mombasa kabla ya Waingereza uliegemea mapatano ya makundi mawili ya Waswahili, Thalatha Taifa na Tisa Taifa, kila kundi likiwa na tamimu wake na mashekhe wake. Wamazrui walitawala kwa kuyasikiliza makundi hayo, na hata baada ya Seyyid Said kuutwaa mji mwaka 1837, liwali aliyewekwa hakuweza kuyapuuza. Thalatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na jina la hao wa mwisho lingali kwenye ramani ya bara hadi leo. Wajomvu, walio miongoni mwa Tisa Taifa, wanavyo vijiji vyao bara. Tena kila kundi lilikuwa na marafiki zake nyuma ya mji: Thalatha Taifa walifungamana na Wadigo na Waduruma wa kusini, na Tisa Taifa wakafungamana na Wamijikenda wa kaskazini. Haifai kuyapamba mambo haya. Utaratibu ule ulikuwa wa wenye nasaba, na watumwa waliolima mashamba ya Kisauni na Likoni hawakuwa na tamimu. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo mifumo ya baadaye haikuwa nayo. Hakuna kundi lililoweza kuutwaa mji wote pasipo ridhaa ya jingine, na mtu wa bara alikuwa na mlango wa kupitia, ingawa ni mlango wa mwenziwe.

Mlango huo ulifungwa na sheria ya ardhi. Kwa mapatano ya mwaka 1895 Sultani wa Unguja aliwakodisha Waingereza ukanda wa maili kumi kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome. Ukanda ukaitwa Himaya, na baada ya mwaka 1920 nchi yote ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Mwaka 1908 serikali ikatunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda huo. Aliyeweza kuleta ushahidi wa kumiliki shamba aliandikiwa hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Walioweza kwenda mbele ya msajili wakiwa na maandishi walikuwa zaidi Waarabu, baadhi ya Waswahili wenye nasaba, na Wahindi. Wamijikenda waliolima kwa desturi, na waliokuwa watumwa, wengi wao walijikuta wanaishi juu ya ardhi ya mtu. Kutokana na hayo Mombasa ina desturi ambayo mgeni huishangaa: mtu ana nyumba yake, ameijenga kwa udongo na boriti au kwa mawe, aweza kuiuza na kuirithisha, lakini uwanja ulio chini yake si wake na huulipia kodi. Ni vigumu kuielewa siasa ya Kisauni na Likoni bila kuikumbuka desturi hii. Mpiga kura wa huko, anaposikia habari za mfumo mpya wa utawala, huuliza kwanza utamfanyia nini mwenye uwanja.

Changamwe ilikua kwa njia nyingine. Reli, bandari ya Kilindini, na tangu mwaka 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta, viliwaleta Wakamba, Wataita, Wajaluo, Waluhya na Wakikuyu. Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliowatoa kazini watu wapatao 15,000 na kuzaa shirikisho la wafanyakazi la Chege Kibachia, uliwafundisha watu hao kwamba nguvu yao iko katika wingi wao wa makabila mchanganyiko. Mgomo wa bandari wa mwaka 1955 ukalithibitisha somo hilo. Kwa mtu wa namna hii siasa ya kugawa nchi kwa asili za watu ilikuwa tishio la waziwazi, kwa kuwa asili yake ilikuwa kwingine na mkate wake ulikuwa hapa.

Vyama viliporuhusiwa tena mwaka 1955, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa, serikali ya kikoloni iliviruhusu kwa wilaya tu. Ndipo Mombasa ilipopata Mombasa African Democratic Union. Amri hii imesahauliwa mno na wale wanaosema kwamba vyama vingi vya Afrika ni vya kikabila kwa maumbile. Chama kilichoamriwa kuishi ndani ya wilaya moja hakiwezi kutoka humo kikiwa na fikra za taifa. Mwaka 1960 vyama vya nchi nzima viliporuhusiwa, KANU na KADU viliundwa kwa kuyaunganisha makundi hayohayo ya wilaya, na KADU, iliyoundwa Ngong mwezi wa Juni, ilikuwa muungano wa jamii ndogo zilizoogopa kumezwa. Kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Pwani mwaka 1957.

Kati ya mwaka 1960 na 1963, basi, Mombasa ilikuwa na mashauri matatu mezani. La kwanza lilikuwa la Mwambao. Coast People's Party, ambayo Sheikh Abdilahi Nassir alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ilidai kwamba ukanda wa maili kumi haukuwa sehemu ya Koloni kamwe, na kwamba ukoloni ukiondoka ukanda huo urudi kwa wenyewe, ama uwe nchi ya peke yake ama uungane na Unguja. Kwa sheria tupu hoja hii ilikuwa na uzito, na wanaoicheka leo hawajayasoma mapatano ya 1895. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine. Alipouliza Mdigo wa Likoni au Mgiriama wa Kisauni, "Wenyewe ni nani?", Mwambao haukuwa na jibu la kumtuliza. Yeye alikumbuka sheria ya 1908. Bendera ya Sultani ilikuwa kwake alama ya mwenye shamba, na uhuru wa Mwambao ulimsikika kama hati ya pili juu ya hati ya kwanza.

Habari za Unguja zilizidisha hofu. Katika uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 waliuawa kisiwani humo. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na wengine. Nchi ndogo ambamo mshindi huchukua vyote, na mshindi mwenyewe ni mchache wa kura, haikuwa kielelezo cha kuvutia kwa Mmijikenda. Sir James Robertson, aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa Nijeria, alitumwa mwaka 1961 kulichunguza suala la ukanda, na taarifa yake ya Desemba mwaka huohuo ikashauri ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 jambo likatiwa muhuri London, baada ya Kenyatta na Mohammed Shamte wa Unguja kuandikiana barua zilizoahidi uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, mafundisho ya Kiarabu, na kuheshimiwa kwa hati za ardhi zilizokuwapo. Kifungu hicho cha mwisho chastahili kusomwa mara mbili. Bendera iliondoka, sheria ya 1908 ikabaki.

Shauri la pili lilikuwa la majimbo, nalo ndilo lililokaribia mno kufaulu. Ngala na KADU waliukataa Mwambao wazi, kisha wakadai kitu kilichofanana nao kwa sura: pwani ijitawale katika mambo yake, lakini ndani ya Kenya, na mpaka wake usiwe maili kumi bali uende hadi Taita na Tana, ili Wamijikenda wawe kitovu badala ya kuwa pembezoni. Katiba ya mwaka 1963 iliweka majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo na baraza lake, likiwa na sehemu ya mamlaka juu ya ardhi, elimu ya chini na polisi. Juu yake kulikuwa na Seneti ya wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya, Mombasa ikiwa na wake. Kwa nchi yenye chama kimoja kikubwa kama KANU hii ilikuwa kinga ya busara: mwenye wingi atawale Nairobi, lakini asiweze kuligusa kila shamba na kila shule.

Wasomi wa lugha watapendezwa na neno lililochaguliwa. Jimbo lilikuwa neno la kale lenye maana ya nchi, eneo lenye watu wake, na Tanganyika lilitumika kwa migawanyo mikubwa ya utawala wa kikoloni. Halikuwa na ubaya wowote ndani yake. Lakini neno hubeba mzigo wa midomo inayolitumia. Kwenye mikutano ya KADU jimbo lilikuwa mahali palipo na wenyewe, na penye wenyewe sharti pawe na wageni. Mfanyakazi wa Changamwe aliyelisikia neno hilo alielewa kwamba anapewa notisi ya kuhama. KADU haikusema hivyo katika katiba yake, na ni haki kuliandika hilo. Lakini haikuwahi pia kumpa mfanyakazi huyo jibu, na hapo ndipo penye kosa. Mji wa Mombasa, kwa sababu ya wafanyakazi wake, uliielekea zaidi KANU ilhali vijiji vya nyuma yake vilishika KADU. Mfumo uliobuniwa kuwakinga wachache wa nchi uliwatengeneza wachache wapya ndani ya jimbo, nao walikaa papo hapo penye bandari na fedha.

Shauri la tatu lilikuwa la KANU yenyewe: nchi moja, serikali moja yenye nguvu, na kila mtu aishi apatapo kazi. Ubora wake kwa Changamwe hauhitaji maelezo. Hasara yake ilidhihirika upesi. Majimbo yalianza kazi Juni 1963, na serikali kuu haikuwa na haraka ya kuyakabidhi madaraka wala fedha. Mkutano wa London wa Septemba na Oktoba mwaka huo ukaipunguza katiba kabla haijatimiza hata nusu mwaka. Wabunge wa KADU walianza kuvuka upande mmoja mmoja, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akatangaza kukivunja chama. Wengine humlaumu kwa hilo. Lakini chama kisicho na hazina, ambacho wanachama wake wanaitwa kila siku kwenye karamu ya jirani, hakivunjwi na kiongozi wake, bali yeye hutangaza tu. Mwaka 1966 alikuwa tayari waziri na makamu wa rais wa KANU kwa Pwani, na alifariki Desemba 1972 baada ya ajali ya motokaa. Seneti nayo ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Bunge mwishoni mwa 1966.

Kilichofuata chaweza kupitwa kwa haraka, kwa kuwa kinajulikana. KPU ya Oginga Odinga ilizaliwa 1966. Katika uchaguzi wa mabaraza wa Agosti 1968 karatasi za wagombea wake zilikataliwa kote nchini, na Oktoba 1969 ikapigwa marufuku. Mombasa ina sehemu yake katika habari hiyo. Ilikuwa baada ya uchaguzi ule ambapo kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi Kenya: Twendapi?, na kwa ajili yake akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa 1973, ilitoka humo gerezani. Abdilatif ni nduguye mdogo Sheikh Abdilahi Nassir. Katika nyumba moja, basi, mkubwa alitafuta njia kwa kuutenga ukanda na nchi, na mdogo akaitafuta kwa chama cha upinzani cha nchi nzima, na njia zote mbili zikazibwa ndani ya miaka sita. Wahakiki wa ushairi wameuandika sana upande wa jela katika diwani ile, na wameuacha upande huu.

Juni 1982 Bunge liliongeza kifungu cha 2A katika katiba, na KANU ikawa chama cha pekee kwa sheria, si kwa mazoea tu. Watetezi wa mfumo huo walikuwa na hoja moja isiyopaswa kudharauliwa, kwamba ushindani waweza kuwa ndani ya chama. Chaguzi za 1969, 1974 na 1979 ziliwaangusha wabunge wengi, na katika Mombasa makundi ya KANU yalishindana kwa ukali kuliko vyama vya nchi nyingine. Hoja hiyo iliuawa na KANU yenyewe mwaka 1988, kwa utaratibu wa mlolongo. Mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea au picha yake mchana kweupe, na aliyehesabiwa kupata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa ameshinda pasipo kura ya siri. Lugha ilipata neno jipya la siasa kutokana na neno la zamani la msafara, na watu wa Likoni na Kisauni waliokodi viwanja walijifunza maana yake kwa miili yao, kwa kuwa mwenye uwanja alikuwa pale akitazama nani amesimama wapi.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, Mombasa ikajaribu shauri jipya. Islamic Party of Kenya iliundwa mapema 1992, ikanyimwa kuandikishwa kwa sababu ya dini, na mahubiri ya Sheikh Khalid Balala pale Mwembe Tayari yakafuatwa na ghasia mwezi wa Mei. Wafuasi wake walizibeba kura zao hadi FORD-Kenya. Mwaka huohuo mbunge wa Changamwe, Kennedy Kiliku, aliongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mapigano ya kikabila ya magharibi na Bonde la Ufa. Taarifa yake iliwataja wakubwa wa chama tawala, na Bunge halikuipitisha. Ndivyo viti vile vitatu vya Desemba vilivyopatikana. Wapangaji wa Likoni na Kisauni pamoja na wafanyakazi wa Changamwe, waliokuwa pande mbili za ukuta mwaka 1963, walikuwa wameipinga KANU siku moja. Hawakuwa wameungana. Vyama vyao vilikuwa viwili, na sababu zao zilikuwa mbili. Lakini kwa mara ya kwanza shauri moja halikuhitaji kumfukuza mtu wa shauri jingine.

Nafasi hiyo ilidumu chini ya miaka mitano. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likawaua askari sita na kuchukua bunduki. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakahama. Vikaratasi vilivyosambazwa vilidai majimbo na kuwataka watu wa bara waondoke. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza ushahidi wa mambo hayo, pamoja na habari za wanasiasa waliokuwa nyuma yake. Walioondoka walikuwa kwa sehemu kubwa watu walioipa FORD-Kenya na DP kura zao. Kiti cha Likoni kilichukuliwa mwaka huo na Shirikisho Party of Kenya, kwa jina la Suleiman Shakombo, na Changamwe ikarudi KANU. Manung'uniko ya kweli juu ya ardhi yalikuwa yametumiwa kumtoa jirani ambaye hakuwa na hati zaidi ya mwenye kunung'unika.

Neno nalo lilikufa pale. Walioandika katiba ya mwaka 2010 walitaka tena kugawa madaraka, na walijua kwamba neno majimbo halitatamkika Changamwe wala Eldoret. Likatafutwa jingine, ugatuzi, na kitengo chake kikaitwa kaunti, neno lisilo na wenyewe wala wageni. Ramani nayo ilikatwa upya: kaunti 47 badala ya majimbo saba, Mombasa ikiwa ya kwanza katika orodha, peke yake, bila Kilifi na Kwale. Mpaka huo unamfaa mfanyakazi wa Changamwe kuliko ule wa Ngala. Tangu 2013 magavana wa Mombasa, Hassan Joho kisha Abdulswamad Nassir, mwana wa Shariff Nassir, wamekuwa wa chama kimoja, ODM, na tayari wako wanaouliza kama chama kikuu kimeondoka Nairobi au kimehamia tu ng'ambo ya Makupa.

Lakini ardhi haikugatuliwa. Januari 2016 hati za shamba la ekari zipatazo 930 zilipotolewa Likoni kwa wakaazi waliolikalia kwa miaka mingi, aliyezitoa alikuwa Rais, kwa jina la serikali kuu, na wakaazi walitakiwa kuilipia ardhi hiyo kidogo kidogo. Gavana wa kaunti hakuwa na saini juu ya karatasi hizo.